Shamba Lisiachwe Uchi

Mvua za kwanza zinaponyesha baada ya kiangazi, mito mingi ya Kenya hugeuka rangi ikawa myekundu. Hata bahari ya Malindi hubadilika pale Mto Athi, ambao huko pwani huitwa Sabaki, unapoingia baharini. Watu hutazama maji hayo na kusema ya kuwa huko juu mvua imenyesha vizuri. Lakini rangi ile si ya maji, ni ya mashamba. Udongo wa juu, wenye rutuba kuliko wote, ndio unaosafiri, na ukiisha kufika baharini hakuna awezaye kuurudisha.

Hasara hii haionekani upesi. Mvua ikichukua udongo wa unene wa milimita 1 tu katika ekari 1, mwenye shamba hatatambua kwa macho. Hata hivyo udongo huo una uzito wa tani 5 hivi. Mwizi angalichukua mzigo kama huo usiku, kijiji kizima kingaliamka.

Chanzo cha hasara ni tone la mvua. Likianguka juu ya udongo mtupu, huupiga na kuuvunja ukawa chembe ndogo sana. Chembe hizo huziba vitundu ambavyo maji yangepitia, na jua likiwaka hufanyika ganda gumu. Mvua ya pili haipati njia ya kuingia chini. Huteremka mtelemko na kuchukua udongo pamoja nayo. Kwa hiyo shamba moja laweza kupata mafuriko na ukame katika msimu mmoja.

Wakulima wa Kenya wanakumbuka habari za matuta. Wakati wa ukoloni watu walilazimishwa kuyachimba, na katika mwaka wa 1947 wanawake wa Murang'a, wilaya iliyoitwa Fort Hall wakati huo, walikataa kazi hiyo. Walichokataa ni kulazimishwa. Maana baadaye, kule Machakos, wenye mashamba walichimba wenyewe makinga-maji ya fanya juu, walipoona faida yake. Lakini makinga-maji huyazuia maji yakiwa yamekwisha kuanza kukimbia. Mimea inayofunika udongo hulipokea tone kabla halijaipiga ardhi, na kazi hii haihitaji nguvu nyingi za jembe.

Mimea ifaayo zaidi ni ya jamii ya kunde. Majani yake huwa mwavuli wa udongo, na mizizi yake huushika. Tena katika mizizi hiyo mna vinundu vidogo vinavyokaa bakteria wenye kuchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Mkulima anayetaka kujua kama kazi hiyo inaendelea, ang'oe mche mmoja taratibu na kupasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wanafanya kazi; kikiwa cheupe au cha kijani, bado au wamekwisha choka.

Mmea wa kwanza ni fiwi, ambayo Wakikuyu huiita njahi. Ikiisha kushika mizizi huvumilia ukame, nayo ni chakula cha watu na cha ng'ombe pia. Hupandwa katikati ya mistari ya mahindi baada ya palizi ya kwanza, mahindi yakiwa yamekwisha kutangulia. Katika nchi kavu isipandwe kwa wingi, maana mimea yote miwili hunywa maji ya kisima kimoja.

Wa pili ni mukuna. Huu ni ndugu wa upupu, ila aina ya shambani haiwashi. Hutambaa upesi na kuyasonga magugu, lakini ukipandwa mapema mno huyapanda mahindi na kuyaangusha. Tena mbegu zake zina dawa kali, na zisiliwe kama maharagwe.

Wa tatu ni desmodiamu, nao una sifa kubwa katika nchi za karibu na Ziwa Victoria, ambako mahindi hunyonywa na gugu la kiduha, liitwalo kayongo kwa Kijaluo. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa kituo cha wadudu cha ICIPE, kule Mbita, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, waligundua ya kuwa mizizi ya desmodiamu hulizuia gugu hilo lisishikamane na mahindi. Harufu yake pia huwafukuza nondo ambao viwavi vyao hutoboa mabua, na majani ya nepia yakipandwa pembezoni huwavuta nondo hao huko nje. Desmodiamu hukaa miaka kadhaa, na hukatwa kuwa lishe. Lakini mwanzoni hukua polepole, nayo yahitaji palizi ya uangalifu katika msimu wa kwanza.

Mwenye ekari mbili na watoto wa kulisha ana haki ya kuuliza kwa nini aipe ardhi mmea asioutia chunguni. Jawabu ni kwamba aanze na ule unaolika, katika kipande kidogo, na kukilinganisha na kipande cha jirani yake kwa misimu miwili au mitatu. Lakini ajue jambo moja: akivuna mbegu, akachukua majani yote kwa ng'ombe, na asirudishe samadi, udongo utabaki maskini vile vile. Sehemu ya majani ilale juu ya shamba ioze hapo hapo. Yafaa pia apatane na majirani kuhusu mifugo baada ya mavuno, kwa kuwa mbuzi mmoja mwenye njaa huweza kulivua shamba nguo yake kwa siku moja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa shamba ni ile njia nyembamba ya maji iliyoonekana baada ya mvua ya jana. Leo yazibwa kwa konzi ya mbegu. Ikiisha kuwa korongo, hata matrekta hayataiziba.