Sindano Yenye Kukesha

Sisi wa Lubumbashi hatuioni mianga ya rangi ing'aayo usiku katika anga la Norwe. Lakini jua litupapo chembe za umeme ziwashazo mianga hiyo, sindano ya sumaku hutikisika hata kwetu. Ndiyo maana katika Mwaka wa Ncha za Dunia, 1932–1933, mitikisiko hiyo ilipimwa Karavia, mji wetu ukiitwa bado Elisabethville.

Mianga huwaka kilomita 100 na zaidi juu: baluni haifiki, satelaiti hupita juu zaidi. Basi tangu 1962 roketi ndogo hurushwa kutoka Andøya, Norwe. Hupima dakika chache, kisha huanguka baharini. Roketi huchungulia, sindano hukesha.

Tena si mchezo: tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya jua iliwaacha gizani watu milioni 6 huko Quebec, Kanada.