Kabla Hujaitoa Boda kwa Mkataba: Kilomita 1,000 za Kwanza

Siku hizi haishangazi kukaa kwenye kijiwe cha boda, iwe Kipalapala au mjini Tabora, ukaambiwa kwamba pikipiki ile pale ni ya mwanachuo. Mtu anabana bumu semista mbili tatu, kaka au mjomba anaongezea, inanunuliwa pikipiki mpya, halafu anapewa dereva kwa mkataba. Dereva analeta hesabu, na siku akimaliza deni pikipiki inakuwa yake. Mpango mzuri kwa wote wawili. Tatizo ni kwamba pikipiki nyingi za namna hii zinaanza kutoa moshi wa bluu kabla hata mkataba haujafika nusu. Mwenye pikipiki anamlaumu dereva, dereva anasema wachina wametupiga, na fundi anafungua injini.

Ninachotaka kusema hapa ni kimoja: maisha ya injini mpya yanaamuliwa kwa sehemu kubwa na kilomita 1,000 za kwanza, na kinachoziharibu mara nyingi ni hesabu inayodaiwa kamili tangu siku ya kwanza.

Tuanze na kinachoendelea ndani. Chukua Honda CG125, pikipiki iliyotoka mwaka 1976 na ambayo injini yake imeigwa sana na viwanda vya China. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 56.5, na kila ikipanda au kushuka inakwenda milimita 49.5. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, mwendo ambao wala si wa fujo, pistoni inatembea karibu mita 396 kila dakika. Piga hesabu: kwa saa moja ni karibu kilomita 24. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walihesabu siku imekwenda vizuri wakivuka kilomita 20. Pistoni inazidi mwendo huo kwa saa moja tu, ndani ya chumba kidogo chenye moto, na kinachoitenganisha na ukuta ni utando mwembamba wa oili.

Sasa injini ikiwa mpya, ule ukuta wa silinda sio laini kama unavyodhani. Kiwandani huchorwa mistari myembamba inayopishana kama wavu. Mabonde ya mistari hiyo yanatunza oili, na vilele vyake vinasugua ringi za pistoni mpaka ringi na ukuta vinakubaliana umbo. Hapo ndipo injini inapofunga vizuri: mgandamizo haupotei chini, wala oili haipandi juu ikaungua. Msuguano wa kipindi hiki ni mkubwa kuliko wa kawaida, kwa hiyo joto nalo ni kubwa. Pistoni ni ya aluminiamu, ambayo ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukiilazimisha siku za mwanzo inajaa ndani ya silinda, inachubua ukuta, na ikizidi inashika kabisa.

Lakini kuna kosa la upande wa pili ambalo wengi hawalijui. Kuna watu wanaiwasha pikipiki mpya na kuiacha inanguruma chini ya mwembe saa nzima, wakidhani wanaizoesha. Ringi hazikandamizwi ukutani na mkunjo wake peke yake. Gesi ya mlipuko hupita nyuma ya ringi na kuisukuma nje. Bila mzigo gesi ni dhaifu, ringi hazisugui inavyotakiwa, na oili inaungulia ukutani na kuufanya uteleze kama kioo. Injini ya hivyo itakula oili maisha yake yote. Kwa hiyo injini mpya inataka kazi, ila kazi ya kiasi.

Vitabu vya pikipiki vinatofautiana. Vingi vinataka adabu kwa kilomita 500 za mwanzo, vingine vinakwenda 1,000 na zaidi. Kisome cha kwako kwanza. Mambo ya msingi ni haya:

1. Ukiwasha, subiri dakika moja hivi oili ipande, kisha ondoka taratibu. Usipige resi ikiwa imesimama.

2. Usivute mafuta mpaka mwisho. Kaa kwenye nusu, na ubadilishebadilishe mwendo. Spidi moja kwa muda mrefu, hata ikiwa ndogo, haizoeshi injini vizuri.

3. Usiilazimishe kupanda kwa gia kubwa huku inalalamika. Shusha gia.

4. Abiria mmoja. Hakuna mishikaki, hakuna magunia mawili ya mkaa.

5. Usiipeleke safari ndefu kwa pumzi moja. Kutoka Tabora kwenda Urambo ni kama kilomita 90. Kwa injini ya siku ya pili hiyo ni adhabu, hasa Septemba na Oktoba jua likiwa kali kabla ya mvua. Kama ni lazima, pumzika njiani mpaka ipoe.

Halafu kuna oili. Ule msuguano wa mwanzo unatoa vumbi la chuma, na lote linaogelea kwenye oili inayozunguka injini nzima. Ndiyo maana oili ya kwanza inamwagwa mapema, mara nyingi kwenye kilomita 500 au hata kabla. Utamsikia mtu akisema, "Mbona bado mpya, rangi yake nzuri tu." Rangi haikuambii kilichomo. Siku hiyohiyo fundi aangalie nafasi ya vali, akaze nati na aweke sawa mnyororo, maana vitu vipya hulegea vinapokaa mahali pake.

Wanaorusha vile vindege vidogo vya mchezo vyenye injini wanazoesha injini mpya kwa kuipa mafuta mengi kuliko kawaida. Kwao ni sawa, kwa sababu oili imechanganywa humohumo kwenye mafuta, kama ilivyo kwenye misumeno ya kukatia miti. Usiwaige kwenye boda. Injini yetu ni ya mipigo minne, oili yake inakaa peke yake, na petroli ikizidi inaosha utando wa oili ukutani.

Sasa turudi kwenye hesabu. Tuseme dereva wako anakimbia kilomita 100 kwa siku. Kilomita 1,000 ni siku kumi tu. Tuseme mmekubaliana shilingi 8,000 kwa siku. Ukimdai kamili tangu asubuhi ya kwanza, atafanya nini? Atabeba mishikaki na atakimbia, na ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo, maana na nyumbani kwake wanakula. Ukimwambia alete nusu kwa siku kumi, umeachia shilingi 40,000. Nenda duka lolote la spea uulize bei ya pistoni, ringi na silinda, ongeza hela ya fundi, ongeza siku ambazo pikipiki imepaki na hesabu haiji. Utaona nani kapata hasara.

Na ikigoma je? Usikimbilie kufungua injini, wala usikubali mtu aanze kuzungushazungusha skrubu za kabureta. Injini ya petroli inataka vitu vinne: moto wa plagi, mafuta, hewa na mgandamizo. Vikague kimoja kimoja, ukianza na cha bei rahisi.

Kwanza angalia swichi ya kuzimia, koki ya mafuta, na kama tenki lina kitu. Usicheke, wengi wamesukuma pikipiki kwa sababu ya koki. Kisha piga kiki mara kadhaa, chomoa plagi uitazame. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki: tafuta kwenye koki, bomba na kabureta. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yamefika, ila ama moto hakuna ama yamezidi. Ifute, irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye mwili wa injini mbali na tundu la plagi, hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu, kisha piga kiki. Cheche ya bluu inayoruka kwa nguvu ni nzuri. Ikiwa ya njano na inasuasua, anza kwa kubadilisha plagi.

Rangi ya plagi nayo inasema. Kahawia ya chai ya maziwa ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ni mafuta kuzidi hewa, na hapa kwetu kwenye mchanga na vumbi mshukiwa wa kwanza ni chujio la hewa lililoziba. Kumbuka pia Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko Dar es Salaam, hivyo kabureta iliyosetiwa pwani inaweza kuzidisha mafuta kidogo huku. Nyeusi yenye oili ni oili inayopita mahali isipotakiwa. Nyeupe ni joto kupita kiasi, mara nyingi hewa imezidi mafuta.

Moshi nao ni hivyohivyo. Mweusi ni petroli nyingi, wa bluu ni oili inaungua. Mweupe wa asubuhi ya baridi unaopotea baada ya muda mfupi ni mvuke wa maji tu, lala usingizi.

Mwisho ni mgandamizo. Kiki ikiwa nyepesi kama haina kitu, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, piga kiki tena. Ikirudi kuwa nzito, ringi au silinda zimechoka, kwa sababu oili imeziba pengo lao kwa muda. Isipobadilika, shuku vali au gasketi. Na pikipiki inayozima ikiwa ya moto na kukubali ikipoa, mwambie fundi apime nafasi ya vali kabla hajagusa kitu kingine. Vali ikibana, haifungi vizuri injini ikitanuka kwa joto.

Wengi wetu tunaosoma ualimu tutapangiwa shule ambazo pikipiki ndiyo usafiri pekee wa uhakika, kwa hiyo haya hayawahusu wenye boda tu. Ila wewe unayetaka kutoa ya mkataba mwezi ujao, andika mistari miwili kwenye karatasi mtakayosaini: hesabu ya nusu mpaka kilomita 1,000 zitimie, na oili ya kwanza imwagwe kwa gharama ya mwenye pikipiki. Mpe dereva na daftari dogo la kuandika kilomita na tarehe ya kila oili. Ikifika siku ya kumkabidhi kadi, atapokea pikipiki inayotembea.