Ziwa Moja, Bakteria Wasiofanana

Mwalo wa Rumonge, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, huamka kabla ya mji. Mitumbwi inarudi na ndagala wa usiku, akina mama wanainama kuwaosha papo hapo ufukweni, na hatua chache pembeni watoto wanajaza madumu ya njano maji ya kupikia. Kipindupindu kilipolipuka hapa mwaka 1992, watafiti waliwalinganisha wagonjwa na wakazi wenzao waliokuwa wazima. Waliokuwa wakioga ziwani na kunywa maji yake ndio walioathirika zaidi. Bakteria mwenyewe, Vibrio cholerae, alipatikana ziwani wakati wa mlipuko. Ulipopita, hakuonekana tena.

Hapo ndipo pa kutua kidogo. Vibrio cholerae ni bakteria wa majini, na wengi wa jamii yake hawaleti kipindupindu. Zimetambuliwa aina zaidi ya 200, lakini ni mbili tu, O1 na O139, zilizowahi kuleta milipuko mikubwa. Hata ndani ya O1, wa kuogopwa ni yule aliyebeba jeni mbili za sumu, ctxA na ctxB.

Jeni hizo alizipata kwa mwingine. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba huletwa na kirusi kinachoshambulia bakteria. Kirusi hicho huingia kwa kushika vinyweleo vya bakteria, na vinyweleo hivyohivyo ndivyo vinavyomwezesha kujijenga kwenye utumbo wa mtu. Akishakuwa na vyote viwili, vinyweleo na jeni za sumu, huufanya utumbo umwage maji na chumvi, wakati mwingine hata lita moja kwa saa. Mvuvi aliyeingia ziwani jioni akiwa mzima anaweza kuwa amekufa kabla ya jioni inayofuata.

Bakteria huyu mwenye sumu ametoka wapi? Mwaka 2017 watafiti walioongozwa na François-Xavier Weill wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walichapisha uchambuzi wa jenomu zaidi ya 1,000 za bakteria huyo. Walibaini kwamba tangu mwaka 1970 kipindupindu kimeingizwa Afrika angalau mara 11, tano za mwisho zote kutoka Asia, na walioisafirisha mbegu yake ni watu. Bakteria waliochukuliwa kwa wagonjwa wa mashariki mwa Kongo kati ya 2014 na 2017, ng'ambo ya ziwa hilihili, ni wa ukoo mmoja, T10, uliotokana na mojawapo ya safari hizo. Na boti zinavuka kila leo, zikiwa na abiria ambao wengine huambukizwa bila hata kuumwa tumbo.

Si haki, basi, kulibebesha ziwa lawama zote. Ziwa limekuwa njia. Kinachoirudisha mbegu majini ni choo kilichofurika, na kinachompeleka mama ziwani na dumu ni bomba lililokauka. Klorini humuua mwenye ctxA sawasawa na asiye nayo. Na mgonjwa akiwahishiwa maji ya chumvi na sukari, au dripu akizidiwa, uwezekano wa kufa hushuka chini ya asilimia 1.