Wazee Ulingoni: Wakongwe au Vikongwe?

Mwanafunzi wangu mmoja aliniingilia ofisini asubuhi moja huku kicheko cha usiku kikiwa hakijamtoka. Alikuwa ametazama filamu iitwayo Grudge Match, iliyoelekezwa na Peter Segal na kuanza kuonyeshwa Marekani siku ya Krismasi mwaka 2013. Kilichomvunja mbavu, alisema, ni "vile vikongwe viwili" vinavyovua mashati na kutwangana makonde. Nilitabasamu kwa adabu, lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ndiyo maradhi ya sisi tunaofundisha isimu: mtu anapokusimulia jambo, wewe wasikiliza viambishi.

Kiswahili, msomaji mpendwa, kina njia mbili za kumtaja aliyekula chumvi nyingi. Ukisema mkongwe, kwa ngeli ile ile ya mtu na mwalimu, aghalabu wamsifu: mkongwe wa siasa, mkongwe wa taarab. Ukisema kikongwe, umemhamishia kwenye kundi la kipofu, kiziwi na kiwete, yaani watu ambao lugha huwatambua kwa upungufu wao kwanza. Shina ni lile lile. Kilichobadilika ni silabi moja tu ya mwanzoni. Mwanafunzi wangu alizidisha hata hapo, akawanyima "vikongwe wawili" wake upatanisho wa viumbe wenye uhai, akawafanya kama viti.

Sasa, wazee wenyewe ni akina nani? Mmoja ni Robert De Niro, aliyekuwa na umri wa miaka 70 filamu ilipotoka. Mwenzake ni Sylvester Stallone, aliyekuwa na miaka 67. Wanaigiza mabondia wa Pittsburgh ambao ujanani walipigana mara mbili, kila mmoja akashinda mara moja, kisha pambano la tatu, la kukata mzizi wa fitina, halikufanyika. Nyuma ya uhasama huo yuko mwanamke, na yuko mtoto. Miaka 30 baadaye wanarudishwa ulingoni kumaliza kesi. Kichekesho cha kwanza kimo katika lakabu: bondia wa De Niro angali anaitwa Kid, yaani mtoto, na mvi zote zile kichwani.

Hadithi yenyewe ni nyepesi, na sitaitetea kupita kiasi. Mzaha mwingi wa Kevin Hart, anayeigiza mwandalizi wa pambano, ni kelele tupu. Mwelekezi naye hajiamini. Akipata tone moja la huzuni, hukimbia kulifunika kwa kicheko. Bondia wa Stallone, kwa mfano, ana jicho moja lisiloona. Hilo si jambo dogo katika mchezo huu. Sisi Wakenya twakumbuka kwamba Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, alifariki mwaka 1994 baada ya pigano Las Vegas. Filamu yaligusa jicho hilo kisha yapita upesi, kana kwamba imeogopa kutuharibia jioni.

Lakini kuna kicheko kingine humu ambacho mwanafunzi wangu hakukisikia kabisa, na si kosa lake. Bondia wa Stallone anapoingia katika chumba cha nyama na kujiandaa kuipiga ngumi nofu iliyoning'inizwa, anazuiwa. Asiyejua ataona mzee aliyetaka kufanya upuuzi. Anayejua ataangua kicheko, kwa maana anamkumbuka kijana wa Philadelphia katika Rocky ya mwaka 1976, akifanya mazoezi kwa kupiga nyama za namna hiyo hiyo. Filamu ile Stallone aliiandika mwenyewe, na ilitwaa Oscar ya filamu bora. Naye De Niro anapowachekesha wateja katika baa yake, mwenye kumbukumbu humwona nyuma yake Jake LaMotta wa Raging Bull ya mwaka 1980, bondia halisi aliyeishia kusimama mbele ya walevi akitoa mizaha. Kwa ajili ya sehemu hiyo De Niro alinenepa kwa takriban kilo 27, akapata Oscar yake. Kitambi kilichomchekesha mwanafunzi wangu kina historia ndefu kuliko umri wake.

Tena wawili hawa walikuwa na kesi yao nje ya skrini. Katika tuzo za Oscar zilizotolewa mwaka 1977 walishindania taji moja la mwigizaji bora, Stallone kwa Rocky na De Niro kwa Taxi Driver. Wote wawili walishindwa na marehemu: taji lilimwendea Peter Finch, aliyekuwa amefariki miezi michache kabla ya hapo.

Ndiyo maana nasema kwamba ukongwe na ukikongwe haumo katika mwili wa mzee. Umo katika kumbukumbu ya anayemtazama. De Niro na Stallone wanajitania wenyewe, na utani una sheria zake: babu humtania mjukuu na mjukuu babu, kwa sababu kila mmoja anamjua mwenziwe ni nani. Anayemcheka babu wa watu asiyemjua hatanii, anakejeli.

Mwishoni, majina ya waigizaji yakiwa yanapita, tunamwona Hart akijaribu kuwarudisha ulingoni Mike Tyson na Evander Holyfield, yule yule aliyeng'atwa sikio na Tyson mwaka 1997. Mwaka 2013 huo ulikuwa mzaha. Tarehe 15 Novemba 2024, huko Texas, Tyson mwenye miaka 58 alipanda ulingoni kweli, dhidi ya Jake Paul wa miaka 27. Alistahimili raundi zote nane, miguu ikiwa mizito, akashindwa kwa uamuzi wa majaji wote.

Nilimwuliza mwanafunzi wangu kama alilitazama pambano hilo. Alilitazama, tena kwa kukesha. Je, alicheka?

"La, Mwalimu," akasema. "Yule nilimwonea huruma. Baba alikuwa na picha yake ukutani sebuleni, akituambia kwamba huyu mtu aliwahi kuogopwa na dunia nzima."

Sikumwongezea neno. Nilifungua kabati nikamwazima diski yangu ya Raging Bull. Hadi leo hajairudisha, nami sijamdai.