Krimu iliyopigwa

Krimu iliyopigwa ni krimu ya maziwa, yaani malai, iliyopigwa kwa mkono au kwa mashine mpaka ikajaa hewa na kuwa povu zito. Huwekwa juu ya keki, matunda, aiskrimu na kahawa. Ile inayotiwa sukari na vanila hujulikana kwa jina la Kifaransa, Chantilly.

Ili povu lisimame, krimu inatakiwa iwe baridi na iwe na mafuta yapatayo asilimia 30 au zaidi. Vitone vya mafuta hushikana na kuyazunguka mapovu ya hewa, na ujazo huongezeka karibu maradufu. Ikipigwa kupita kiasi inageuka siagi.

Gramu 100 za krimu yenye mafuta asilimia 36, kabla ya kutiwa sukari, zina takriban kilokalori 340, wanga gramu 3 hivi na protini pungufu ya hapo. Kwa kuwa hewa haina uzito wa kuhesabika, kijiko cha krimu iliyopigwa kina karibu nusu tu ya krimu iliyomo katika kijiko cha krimu ya majimaji. Ndiyo maana anayefuata mlo maalumu hupima kwa mizani, si kwa kijiko.

Mlo wa ketojeni

Mlo huu, unaojulikana leo kama njia ya kupunguza unene, ulianza kama tiba. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliupendekeza kwa wagonjwa wa kifafa. Mwili ukinyimwa wanga, ini hutengeneza ketoni kutokana na mafuta, kama inavyotokea mtu anapofunga kula kwa muda mrefu. Hali hiyo hupunguza degedege kwa baadhi ya wagonjwa, hasa watoto ambao dawa hazikuwasaidia.

Katika aina yake kali zaidi, kila gramu 4 za mafuta huambatana na gramu 1 tu ya protini na wanga kwa pamoja. Vyakula vinavyofikia kiwango hicho ni vichache, na vingi kati yake mtoto hawezi kuvila vikiwa peke yake. Krimu hukivuka, tena ina ladha nzuri, kwa hiyo imekuwa nguzo ya mlo huo. Lakini ni lazima iwe bila sukari. Krimu ya kopo iliyotiwa sukari inaweza kushusha ketoni, na degedege likarudi. Mlo huu haufanywi bila usimamizi wa daktari na mtaalamu wa lishe.

Wanaoufuata ili kupungua uzito hawako katika hatari hiyo, ila mara nyingi husahau kwamba kalori za krimu nazo huhesabiwa.

Milo ya kulinda moyo

Hapa hali ni kinyume. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 22 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000. Gramu 100 za krimu peke yake zinamaliza kiasi hicho chote. Kwa mwenye kisukari, wanga wa krimu isiyo na sukari ni mdogo; tatizo kubwa mara nyingi ni keki iliyo chini yake.

Wasiotumia maziwa

Mwenye mzio wa protini ya maziwa huiacha kabisa. Asiyemudu laktosi huenda akaweza kula kidogo. Wayahudi wanaoshika sheria za chakula hawachanganyi maziwa na nyama. Wao walinufaika na krimu ya soya iliyotengenezwa mwaka 1945 na Robert Rich wa Buffalo, New York. Hata hivyo, baadhi ya krimu zinazoitwa za mimea hutiwa protini ya maziwa, na nyingine jelatini, ambayo huweza kutoka kwa nguruwe. Waislamu na wasiokula mazao ya wanyama hulazimika kusoma lebo. Karajinani, inayotokana na mwani mwekundu kama ule unaolimwa Zanzibar, hufanya kazi ya kuimarisha krimu bila shida hiyo.

Nyumbani, tui zito la nazi likilazwa kwenye jokofu hadi sehemu ya juu igande, sehemu hiyo hupigika vizuri. Halina maziwa, ila mafuta yake mengi ni yaleyale yaliyoshiba.