Nani Aliyeziandika Injili, na Lini?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (s.w.t.), Aliyeteremsha Taurati, Injili na Qur-ani, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ndugu zake Mitume wote waliomtangulia.

Amma baad. Vijana wetu wamezidi kuuliza ni nani walioziandika Injili nne zilizomo katika Biblia, na ni lini ziliandikwa. Huuliza madrasani, huuliza barazani baada ya sala ya Isha, na wengi wao huwa wamekwisha kupata jawabu katika mihadhara inayopitishwa ndani ya simu. Jawabu hizo mara nyingi ni za pupa. Mmoja husema kuwa Injili zote ni uwongo mtupu. Mwengine husema kuwa iko Injili moja ya kweli iliyofichwa. Kisha kijana hutoka akamkabili mwenzake wa Kikristo skuli au Darajani, naye hajui uzito wa alichokibeba. Tumeona yatupasa kulieleza jambo hili kwa kituo, bila ya kuzidisha wala kupunguza.

MJADALA HUU ULIVYOFIKA UNGUJA

Wengi hudhani kuwa suala hili limezuliwa na Waislamu ili kuwakera Wakristo. Sivyo. Limeulizwa na wanavyuoni wa Kikristo wenyewe katika vyuo vikuu vya Ujerumani na Uingereza, na moto wake uliwahi kufika hapa kwetu Mkunazini.

Mwaka 1912 watu saba wa Oxford walitoa kitabu walichokiita Foundations, yaani Misingi. Mhariri wake alikuwa padri B. H. Streeter. Kitabu kile hakikuwa cha tarikh za Injili peke yake. Kilikuwa kikiuliza, kwa mujibu wa elimu ya zama zile, ni kadiri gani ya khabari zilizomo ndani ya Injili iwezayo kutegemewa.

Wakati huo askofu wa Kianglikana wa Zanzibar alikuwa Frank Weston, aliyefika Unguja mwaka 1898, akawa mkuu wa chuo cha Kiungani, na akapewa uaskofu mwaka 1908. Kitabu kile kilimghadhibisha sana. Mwaka 1913 alitoa barua ya wazi kwa askofu mwenzake wa St Albans, ikachapishwa na kusomwa Uingereza nzima. Ndani yake alilalamikia mambo matatu, na moja lilikuwa kitabu hicho. La pili lilikuwa mkutano wa wamisionari uliofanyika Kikuyu, Kenya, mwaka ule ule. Maana ya maneno yake ilikuwa hii: Kanisa ambalo wakubwa wake wanasema kwa ndimi mbili juu ya msingi wa imani yao halifai kutuma wahubiri katika nchi za Waislamu. Mwaka 1915 askofu wa Hereford alimpa Streeter cheo katika kanisa lake kuu, na Weston akatangaza kuwa amekata ushirika na askofu huyo.

Tunalitaja hili si kwa kumcheka mtu. Weston alikuwa mkweli katika dini yake, na aliona wazi kuwa atakayehubiri Unguja atakutana na watu waliozoea kuuliza sanadi. Mtu wa hapa tangu chuoni hufunzwa kuuliza: nani kakwambia, naye kaambiwa na nani?

WANAVYUONI WAO WANASEMAJE?

Weston alifariki mwaka 1924, na mwaka huo huo Streeter akatoa kitabu chake kikubwa juu ya Injili nne. Alisema kuwa nyuma ya Injili ya Mathayo na ya Luka ziko asili nne, na kila moja akainasibisha na mji wake: Roma, Antiokia, Yerusalemu na Kaisaria. Si wote waliomfuata katika hayo, lakini yako mambo ambayo wengi katika wanavyuoni hao wamekubaliana nayo mpaka leo.

Kwanza, Injili zote nne ziliandikwa kwa Kiyunani, hali ya kuwa Nabii Isa (a.s.) na watu wake walisema Kiaramu.

Pili, ndani ya maneno yenyewe ya Injili hizo mwandishi hajitaji jina. Anwani za Mathayo, Marko, Luka na Yohana ziliwekwa baadaye. Wa kwanza tumjuaye kuzitaja zote nne kwa majina hayo ni askofu Irenaeus wa Lyon, katika mwaka 180 hivi. Kabla yake, Papias alisema kuwa Marko alikuwa mkalimani wa Petro; lakini kitabu cha Papias kimepotea, na maneno yake tunayapata katika tarikh ya Eusebius, aliyeandika karne ya nne.

Tatu, Marko ndiye wa mwanzo, naye hukadiriwa kuwa aliandika baina ya mwaka 65 na 75. Mathayo na Luka hutiwa katika miaka ya 80 au 90, na Yohana mwishoni mwa karne ya kwanza. Sehemu kubwa ya Marko imo ndani ya Mathayo, mara nyingi kwa maneno yale yale. Luka mwenyewe anasema mwanzoni mwa kitabu chake kuwa wengi wamekwisha kuandika kabla yake, naye amechungua khabari akazipanga.

Nne, katika nyaraka 13 zenye jina la Paulo, saba ndizo ambazo karibu wote wanakubali kuwa ni zake. Nyaraka hizo za Paulo ni za zamani kuliko Injili; ya mwanzo hutiwa mwaka 50 hivi.

Tano, aya 12 za mwisho wa Injili ya Marko hazimo katika nakla mbili kubwa za karne ya nne, ile iliyotoka katika jabali la Sinai na ile iliyoko Vatikani. Biblia nyingi za leo huzitia alama aya hizo ili msomaji ajue.

USIJENGE NYUMBA JUU YA MCHANGA WA WENGINE

Hapa kijana atafurahi, atasema: basi hoja nimeipata. Twamwambia: subiri.

Makadirio ya wanavyuoni hawa hupanda na kushuka. Katika karne ya 19 F. C. Baur wa Tübingen, Ujerumani, alisema kuwa Injili ya Yohana iliandikwa baada ya mwaka 150. Wengi wakalishika neno lake. Mwaka 1935 kikatangazwa kipande cha mafunjo kilichotoka Misri, kidogo kuliko kiganja, chenye maneno ya Injili hiyo. Nacho kimehifadhiwa Manchester. Walio wengi walikikadiria kuwa ni cha nusu ya kwanza ya karne ya pili, na neno la Baur likaanguka. Siku hizi wako wanaosema kuwa kipande hicho chaweza kuwa cha baadaye kidogo. Na mwaka 1976 John A. T. Robinson, aliyekuwa askofu wa Kianglikana, aliandika kitabu kudai kuwa Agano Jipya zima lilimalizika kabla ya mwaka 70. Wachache ndio waliomkubali. Aliyejenga hoja yake yote juu ya tarikh moja, siku tarikh hiyo inapohama naye huhama nayo.

Na liko jambo kubwa zaidi. Kijana akisema kuwa Marko hafai kwa sababu tu ameandika miaka 40 baada ya Nabii Isa, ataulizwa juu ya Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, zaidi ya miaka 200 baada ya Mtume wetu (s.a.w.). Atajibu nini? Asiyesoma atanyamaza, na walio pembeni wataona kuwa Uislamu umeshindwa. Aliyesoma atajibu kuwa hoja si wingi wa miaka, hoja ni mnyororo. Bukhari amemtaja kila mpokezi kwa jina lake mpaka kwa Mtume, na wapokezi hao wametafitiwa maisha yao, ukweli wao na hifadhi yao. Lakini mwandishi wa Injili ya Marko hakujitaja, wala hakuwataja waliompokelea. Basi swali la haki la kuulizwa ni swali la sanadi. Na ni swali ambalo maulamaa wetu walianza kuwauliza Waislamu wenyewe, wakazikataa hadithi nyingi zilizonasibishwa na Mtume, ijapokuwa maneno yake ni mazuri na yanapendeza.

KITABU CHA BARNABA

Kwa mizani hiyo hiyo tukipime kile kiitwacho Injili ya Barnaba, ambacho vijana wengi hukishika kama upanga. Nakla yake ya Kitaliana iko Vienna. Ilichapishwa Oxford kwa Kiingereza mwaka 1907, na mwaka 1908 ikatoka Misri kwa Kiarabu, imefasiriwa na Mkristo, Khalil Saada, na kutolewa na Sayyid Rashid Ridha, mwenye jarida la Al-Manar.

Je, sanadi yake iko wapi? Haiko. Nakla hiyo haivuki karne ya 16 kurudi nyuma. Ndani yake imetajwa jubilei ya kila miaka 100, nayo kwa Mayahudi ni kila miaka 50. Ya miaka 100 ilianzishwa na Papa wa Roma mwaka 1300. Tena kinasema kuwa Nabii Isa alikwenda Nazareti kwa chombo cha bahari, na mji huo uko milimani.

Hayo ya tarikh. Ya dini ni mazito zaidi. Kitabu hicho kinamfanya Nabii Isa akanushe kuwa yeye ni Masihi, na cheo hicho kinampa Mtume wetu. Na Qur-ani yenyewe, katika Suratu Aali Imran, aya ya 45, inamwita Isa bin Maryamu kuwa ndiye Masihi. Basi Muislamu akishike kipi? Atakayekitetea kitabu hicho kwa sababu tu kinataja jina la Mtume wetu, bila ya kujijua anakipinga Kitabu chake. Mizani ya muuza duka ni moja, kwa mnunuzi na kwa mwenyewe; akiwa na mbili, huyo ndiye aliyeonywa katika Suratul Mutaffifin.

ITIKADI YETU

Sisi twaamini kuwa Mwenyezi Mungu Alimpa Nabii Isa Injili, kama ilivyokuja katika Suratul Maida, aya ya 46. Hiyo ilikuwa Injili moja aliyoteremshiwa yeye, wala si vitabu vinne vya kumsimulia vilivyoandikwa na watu baada yake. Imani yetu hii haikungoja Oxford wala Tübingen, wala haitatikisika kwa makadirio yao. Na vilivyomo mikononi mwa Ahlul Kitabi, tumefunzwa na Mtume (s.a.w.) tusivisadiki moja kwa moja wala tusivikadhibishe, kwani huenda tukalikataa neno la haki au tukalikubali la batili.

ADABU YA WAZEE WETU

Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa na Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani Al-Amawy, mzaliwa wa Barawa, aliyekuwa kadhi na mwanachuoni mkubwa, akafariki mwaka 1896. Zama zake Edward Steere, aliyefika hapa mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alikuwa akijifunza Kiswahili na kukifasiri kitabu chake. Steere mwenyewe ameandika kuwa Sheikh Abdulaziz alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka katika Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi. Elimu yake ilikuwa pana, basi hakuwa na haja ya kumtusi mtu. Na kumfasiria askofu Zaburi hakukumtoa katika dini yake hata kidogo.

Enyi wazazi, wafunzeni watoto wenu Qur-ani na maana yake kabla hawajaingia katika mijadala. Nanyi vijana, msiseme msilolijua, na msimvunjie heshima jirani yenu Mkristo katika kitabu anachokitukuza. Suratul Ankabut, aya ya 46, imetukataza kujadiliana na Ahlul Kitabi ila kwa njia iliyo bora. Mkiulizwa, jibuni kwa dalili; na dalili zikiwa hazimo mikononi mwenu, nyamazeni mkasome.

Twamwomba Mwenyezi Mungu Atuzidishie elimu yenye manufaa, Atuepushe na ushindani wa kutafuta sifa, na Atujaalie tuwe waadilifu hata kwa wale tusiokubaliana nao. Amin.