Kompyuta kuu: Kwa nini saa ya ukutani haitoshi kupima kazi ya programu

Mteja wa benki anapotazama salio lake asubuhi, huona tarakimu tu. Nyuma ya tarakimu hizo, katika benki nyingi kubwa duniani, kuna kazi ya usiku kucha kwenye kompyuta kuu: programu moja huiita nyingine ikokotoe riba, nayo huiita ya tatu iandike kumbukumbu. Kazi hiyo ikichelewa, matawi hufunguliwa hesabu zikiwa hazijakamilika. Hapo ndipo wataalamu hutakiwa kubaini ni programu ipi inayokula muda.

Jibu huanza kwa kutofautisha muda wa aina mbili. Muda wa saa ya ukutani ni ule unaopita tangu programu iitwe hadi imrudishie mwitaji udhibiti. Muda wa kichakataji ni ule ambao mashine iliifanyia kazi programu hiyo hasa. Tuseme programu imechukua dakika 40, lakini imetumia dakika 6 tu za kichakataji. Dakika 34 zilizosalia ilikuwa ikisubiri diski au zamu yake. Kuilaumu programu hiyo ni sawa na kumlaumu mpishi kwa foleni ya sokoni.

Kompyuta kuu za IBM zina saa ya ndani tangu familia ya System/370, iliyotangazwa mwaka 1970. Saa hiyo huhesabu kuanzia Januari 1, 1900, na husomwa kwa agizo moja la mashine, lakini hupima muda wa ukutani. Kwa muda wa kichakataji, mfumo endeshi wa z/OS una huduma iitwayo TIMEUSED. Mwitaji huisoma kabla ya kuita, huisoma tena akirudishiwa udhibiti, kisha hutafuta tofauti.

Kumbukumbu za kawaida za mfumo, zijulikanazo kama SMF, hazimalizi kazi hiyo. Rekodi ya aina ya 30 hujumlisha matumizi ya hatua nzima ya kazi, bila kuyagawa kwa kila programu iliyoitwa.

Zipo tahadhari mbili. Kwanza, muda wa programu iliyoitwa hubeba pia muda wa zile ilizoziita yenyewe. Usipoutoa, mzazi atabebeshwa makosa ya mwana. Pili, kupima nako hutumia kichakataji, hivyo programu fupi inayoitwa mara nyingi huweza kuonekana nzito kuliko ilivyo.

Suala hili lina uzito wa fedha. Katika mikataba mingi ya IBM, ada ya mwezi hufuata kilele cha wastani wa matumizi ya kichakataji kwa saa 4 mfululizo. Programu iitwayo mara milioni moja, ikipunguziwa elfu moja ya sekunde kila mara, huokoa sekunde 1,000, yaani takriban dakika 17. Saa ya ukutani pekee isingeonyesha ni wapi pa kuzitafuta.